Nilivyopata holsta ya kubeba mbele bila kuumia, na joto hili letu la Mombasa

Sa ni mwaka wa tatu nabeba bastola mbele, ndani ya holsta, yaani ule mfuko wake wa kiunoni, ndani ya suruali chini ya shati, na mwaka wa kwanza wote nlikuwa nateseka tu nikidhani ndo kawaida yake. Haikuwa kawaida. Nlikuwa nimevaa vibaya, na hakuna mtu alinieleza, kwa hivo naeleza mimi, labda kuna mwenye cheti cha silaha huko anajikuna kiuno usiku kama nlivokuwa najikuna.

Niko na duka la jumla pande za Kongowea, na ukiwa na duka la jumla mwisho wa siku unatoka na pesa hata kama wengi siku hizi wanalipa kwa simu. Mdogo wangu walimpiga panga la mkono tukifunga duka, pesa wakaenda nazo, mkono Alhamdulillah ukapona lakini vidole viwili havikunji mpaka leo. Hapo ndo nkaanza safari ya leseni, na sitaieleza yote manake ni ndefu, makaratasi, kuchunguzwa, kupigwa maswali, mpaka faili lifike Bodi ya Leseni za Silaha, kisha ukipata cheti unakihuisha kila mwaka. Bastola yangu ni Glock 19, na ikiwa imejaa risasi zake 15 uzani wake unakaribia gramu 855, yaani karibu kilo ya sukari unaifunga kiunoni kuanzia asubuhi.

Mwanzo nlibeba nyuma ya nyonga ya kulia. Nikiinama kuokota gunia shati linavutika na mpini unachomoza kama kibyongo, kila mtu dukani anaona, na siku moja nikivuka feri ya Likoni, unajua ule msongamano wa saa kumi na moja, nkahisi kiwiko cha mtu kimegonga palepale na siwezi hata kugeuka. Nlivuka roho iko juu. Mbele angalau macho yako yaona, mikono yako iko karibu, mtu hawezi kugusa bila wewe kujua. Nkahamia mbele, upande wa kidole tumbo, ukichukulia kitovu ni saa sita basi mimi hukaa kama saa saba hivi.

Holsta ya kwanza ilikuwa ile ya kitambaa cha nailoni, ya kuingia bastola yoyote, niliuziwa pamoja na bastola dukani. Laini kweli, ukiishika unasema hii ndo ya kustarehe. Uongo! Nikiketi kwenye gari mdomo wa mtutu unanichoma kinena, nikisimama mpini unalala nje unasukuma shati, na kwa sababu haina umbo bastola inacheza ndani. Lakini maumivu hayakuwa ndo mabaya zaidi. Usiku mmoja nyumbani nlikuwa nafanya mazoezi, bastola tupu, nimekagua mara mbili na magazini, kile kisanduku cha risasi, nimeiweka chumba chengine, nkawa nairudisha kwenye holsta na nkasikia tik. Triga, pale pa kufyatulia, imevutwa. Ule mkanda mdogo wa kufungia ulikuwa umekunjika ukaingia kwenye pete ya triga, na nlivosukuma bastola chini mkanda ukafanya kazi ya kidole. Glock haina sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ya pembeni ya kubonyeza, sefti yake iko kwenye triga yenyewe, kitu chochote kikiivuta sawasawa inafyatua. Nlikaa kwenye ukingo wa kitanda nikitetemeka, nikifikiria mtutu ulikuwa unaelekea wapi. Asubuhi nliikatakata ile holsta kwa makasi, sikutaka hata kumpa mtu bure.

Ikaja ya ngozi. Nzuri, imeshonwa vizuri, na kwa mtu wa Nairobi naamini ingemfaa. Huku kwetu kaskazi ikiingia, Januari na Februari zile, jasho linashuka kifuani mpaka kiunoni halikauki, na ngozi yanywa jasho yote. Kwa miezi mitatu ikalainika, ule mdomo wake wa juu ukaanza kujifunga kila nikitoa bastola, kwa hivo kurudisha lazima uupanue na kidole. Nikakumbuka ile tik. Nkaiweka kando.

Nkaenda kwa plastiki ngumu, ile inaitwa Kydex, inapashwa moto na kufinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe, triga inafunikwa yote na bastola ikiingia inashikwa na kulia kak. Jasho hailinywi, unaiosha kwa sabuni na maji unapangusa. Kwa usalama nkawa nimetulia. Kwa kuumia ndo nkaona cha moto, manake ni ngumu kama kigae na ncha yake ilikuwa inanikaba palepale paja linapokutana na tumbo. Nikiendesha gari kutoka Mtwapa kuja mjini, foleni ya daraja la Nyali, nlikuwa nafungua kishikizo cha suruali kwa siri.

Fikra yangu ilikuwa ninunue bastola fupi zaidi. Karibu kila mtu hufikiri hivo, mtutu mfupi hautachoma. Aliyenizuia ni mzee mmoja tunayekutana uwanja wa shabaha, mtu wa miaka mingi na silaha, akaniambia, "Ami, wewe hushindwi na urefu, wewe holsta yako ni fupi. Hebu jaribu hii." Akanipa holsta yake ya Glock 17. Mtutu wa 17 ni milimita 114, wangu 102, na kwa sababu holsta iko wazi chini bastola yangu yaingia vizuri na kukabwa vizuri. Milimita 12 tu hizo. Nikaketi, nikainama, nikachuchumaa, nikaketi tena. Hainichomi, mpaka nlidhani nimekosea kuivaa.

Akanieleza na nikaelewa. Uzito wa bastola uko juu, kwenye mpini na magazini iliyojaa. Holsta fupi haina kitu chini ya mshipi cha kuushikilia ule uzito, kwa hivo juu kunapinduka kwenda nje, na juu kukienda nje ile ncha ya chini inarudi ndani inakuchimba. Ikiwa ndefu kidogo sehemu ya chini inaegemea mwili na kusukuma mpini uje tumboni. Kwa hivo kuchomwa kwangu na kuonekana kwangu zilikuwa ni shida moja, si mbili.

Kilichomaliza kazi kabisa ni kabari. Bastola nkaiacha kwenye sefu nyumbani, nkabeba holsta tupu mpaka kwa fundi viatu Mwembe Tayari, mzee anayenishonea viatu tangu niko shule. Sikuficha, nkamwambia ni ya nini. Akaigeuza geuza, akaniuliza, "Yakuuma wapi, mwanangu?" Nkamwonesha. Akachukua champali ya raba iliyokatika, akachana soli yake kwa kile kisu chake cha nusu mwezi, akaitengeneza kabari, chini nene kama kidole gumba, juu nyembamba inaisha sawa na plastiki. Kingo akazisugua kwa msasa mpaka zikawa duara. Kisha akaifunika kwa kipande cha ngozi laini ya ndani ya kiatu, upande unaogusa mwili, akapaka gundi ya viatu pande zote mbili, akasubiri ikauke kidogo, akabandika na kugonga kwa nyundo. Shilingi 200. Nilimpa 500 na angekuwa ametaka elfu mbili ningempa.

Ile kabari inakaa chini, upande wa mwilini, na inasukuma mdomo wa mtutu mbele usielekee nyama yako, wakati huohuo inalaza mpini kwenye tumbo. Raba yabonyea ukiketi, plastiki haibonyei. Ndo tofauti yote.

Baadaye nikaongeza ukucha, kijiplastiki kinachofungwa kwa skrubu pembeni ya holsta, kinasukumana na mshipi kwa ndani na kuuzungusha mpini uje ndani. Lakini ukucha bila mshipi mgumu haufanyi kitu. Mimi nlikuwa na mshipi wa kawaida wa ofisi, ule unajikunja ukiubeba na kilo, nkashonewa wa ngozi tabaka mbili. Suruali pia, nlikuwa navaa 34 sa nanunua 36, holsta nayo yataka nafasi na tumbo lako halitapungua kwa kulikaza. Na zile skrubu za klipu inayobana holsta kwenye mshipi zicheze nazo, shusha, pandisha, mimi nilishusha sana mwanzo ili isionekane nkakuta vidole havipati mpini wote, nkapandisha matundu mawili basi. Usiamue kwa siku moja. Kila badiliko nlilivaa wiki nzima, bastola tupu nyumbani kwanza, nikiketi, nikila, nikiokota vitu.

Mashati ya maua yanaficha kuliko meupe ya kazi, ndo nimebaki nayo. Ndani ya shati lazima singlendi ya pamba, ndefu, ifike chini ya holsta, plastiki isikutane na ngozi ya mwili, ile mikwaruzo na vipele viliisha hapo. Jioni naivua naikausha. Bastola nayo yataka huruma, hewa hii ya chumvi pamoja na jasho inaleta kutu mbio, kwa hivo mimi kila Jumapili nafungua, napangusa na kupaka mafuta kidogo, na skrubu za holsta nazikagua manake zinalegea na mtikisiko wa gari.

Kwenye gari mkanda wa usalama naupitisha chini ya holsta kwenye mapaja, kisha shati naliacha juu ya mkanda. Choo cha kuchuchumaa ndo kigumu, hapo usitoe bastola uiweke popote, legeza mshipi, kaza magoti yaishike suruali, yote ibaki ndani ya holsta yake. Na Ijumaa sibebi. Kwenye rukuu yanibana na kwenye sijda yanisukuma, lakini hata isingenibana, kanzu huwezi kuifikia bastola chini yake, itakuwa ni mzigo tu, kwa hivo inalala kwenye sefu na funguo ninazo mimi peke yangu, watoto nyumbani hawajui hata sefu iko wapi.

Kuvaa navaa hivi: bastola inaingia kwenye holsta kwanza, mezani, mtutu ukielekea ukuta wa nje, kisha holsta yote na bastola ndani yake ndo naiingiza kiunoni na kubana klipu. Kuvua vilevile. Ikilazimu kurudisha bastola holsta ikiwa kiunoni, uwanjani kwa mfano, shati nalipandisha juu kabisa kwa mkono wa kushoto, nyonga nazisukuma mbele ili mtutu usielekee paja, natazama kwa macho ndani ya holsta kama hakuna kitambaa, kisha polepole. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

Kabari ya kwanza ilikaa miezi kumi kabla raba haijalala ikawa bapa. Nlijua imelala sababu kinena kilianza kuniuma tena kidogo kidogo nikiwa kwenye foleni. Nkarudi Mwembe Tayari, yule mzee akaniona nikivuka barabara na mfuko mkononi, kabla sijafika akashaanza kutafuta champali.