Juniperi yangu ilipoanza kukauka majani: nilivyotafuta chanzo kabla ya dawa

Juniperi, mti wa jamii moja na saiprasi, huchelewa kuonyesha kuwa inaumwa. Majani yake ni magamba madogo yenye nta, na yanaweza kubaki ya kijani kwa wiki kadhaa hata baada ya mizizi kufa. Kwa hiyo bonsai yangu, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu, ilipoanza kugeuka kahawia, sikuhangaika na yaliyotokea jana au juzi. Nilirudi nyuma hadi mwezi uliotangulia: joto lilikuwa kali, hewa kavu, na mvua haikunyesha kabisa.

Mti wenyewe ni juniperi ya Kichina aina ya Shimpaku, na unakaa nje mwaka mzima. Hilo naligusia kwa sababu wengi wanaolalamika kuwa juniperi yao inakauka wameiweka sebuleni, na kwa ugonjwa huo hakuna dawa zaidi ya kuitoa nje.

Kitu cha kwanza nilichoangalia ni mahali ilipo ile rangi ya kahawia. Majani ya ndani, karibu na shina, yakikosa jua hukauka na kupukutika yenyewe. Hayo si ugonjwa. Ncha pekee zikikauka muda mfupi baada ya kupogoa, mara nyingi ni kwa sababu mkasi ulikata magamba yenyewe badala ya kupita kwenye kikonyo. Ncha changa zikifa kipindi cha unyevunyevu, kisha ukaona vidoadoa vyeusi pale sehemu iliyokufa inapokutana na iliyo hai, shuku fangasi aitwaye Phomopsis. Mti ukififia wote kwa pamoja, kachunguze mizizi. Na kwenye nchi zenye baridi kali, juniperi nyingi hugeuka rangi ya shaba wakati wa kipupwe, zikarudia kijani joto linaporudi, bila mtu kufanya lolote.

Wangu haukuingia vizuri katika fungu lolote kati ya hayo. Majani mengi yalikuwa yamepauka, yana vitone vya manjano kama yamenyunyiziwa vumbi, na hali ilikuwa mbaya zaidi katikati ya matawi ambako hewa haipiti. Lakini tawi moja la chini lilikuwa kahawia tupu, kuanzia katikati hadi nchani.

Mizizi niliikagua hata hivyo, kwa sababu mizizi ikioza, kila unachofanya juu ni kazi bure. Nilichomeka kijiti cha mbao hadi karibu na sakafu ya chungu, nikakiacha kidogo, nikakichomoa: kilikuwa na unyevu wa kiasi, hakikuloa chapachapa. Kisha niliinua mti taratibu, bila kuvunja udongo. Ncha za mizizi zilikuwa nyeupe na hakukuwa na harufu ya uozo. Nikaurudisha.

Kipimo kilichotoa jibu ni karatasi nyeupe. Unaishika chini ya tawi, unaligonga tawi kwa kidole mara mbili tatu, halafu unatulia na kutazama. Vumbi halitembei. Vidoadoa vilivyodondoka kwenye karatasi yangu vilianza kutambaa, polepole, na nilipovisugua kwa kidole viliacha michirizi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Ni utitiri, wanaofyonza utomvu wa majani. Vidudu vinavyokimbia mbio kwenye karatasi mara nyingi ni wale wanaowala utitiri, na hao usiwaue.

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia dawa yoyote ya wadudu iliyopo kabatini. Utitiri si wadudu; wako karibu zaidi na buibui, na dawa nyingi za kawaida, hasa za jamii ya pairethroidi, huwamaliza maadui wao na kuwaacha wenyewe wakizaliana kwa raha. Mimi nilianza na maji. Niliulaza mti ubavu, nikafunika udongo usimwagike, nikapiga majani kwa mpira wa maji kutokea chini kwenda juu. Baada ya hapo nilipuliza sabuni maalumu ya kuulia wadudu, jioni jua likiwa limepoa, nikihakikisha inafika upande wa chini wa majani. Sabuni haiui mayai, kwa hiyo mpulizo mmoja hautoshi: unarudia kila baada ya siku 5 hadi 7 mpaka karatasi ibaki safi. Mafuta ya kupulizia mimea nayo yanafanya kazi, ila kwenye juniperi zenye majani ya buluu huondoa ile nta inayoyapa rangi.

Tawi la chini lilikuwa na kisa chake. Mti niliupata ukiwa umeshafungwa waya, na chini ya waya, pale tawi lilipokunjwa, gome lilikuwa limepasuka. Nilikwaruza kwa ukucha: kabla ya ufa, kijani kibichi, baada ya ufa, mti mkavu. Juniperi haichipui kwenye tawi lisilo na kijani, kwa hiyo hapakuwa na cha kusubiri. Nililikata, nikaacha kipande, nikakimenya gome kiwe jini, yaani tawi lililokufa linaloachwa kama pambo, na kikishakauka vizuri nitakipaka chokaa salfa ili kiwe cheupe na kisioze.

Mbolea sikutia, chungu sikubadilisha, wala sikupunguza hata jani moja la kijani, maana mti dhaifu unajilisha kwa majani hayohayo. Yaliyokauka niliyapukuta kwa vidole hewa ipite. Hayo hayarudi kuwa kijani kamwe, kwa hiyo nafuu niliipima kwa ncha mpya tu. Zimeanza kutoka, na baadhi ni sindano zinazochoma badala ya magamba, jambo la kawaida kwa juniperi iliyotoka kwenye taabu. Nimeziacha zikue, magamba yatarudi mti ukipata nguvu. Karatasi nyeupe bado naitumia kila joto likizidi.