Mradi wangu wa ukuta wa siku 31 (16 Julai – 15 Agosti 1945): wiki ya nne, nimekwama tarehe 9

Kwa wanaoanza leo: nabandika ukutani siku 31, kuanzia siku Wamarekani walipolipua bomu la atomiki la majaribio kwenye jangwa la New Mexico mpaka siku Mfalme Hirohito wa Japani alipoongea redioni kwamba vita basi. Kila siku ina kadi yake ya manila, nyekundu ni yaliyotokea vitani, kijani ni amri na vikao vya wakubwa, afu nyuzi zinaonyesha nani alijua nini na saa ngapi. Nilianza kwasababu nimechoka na ule ubishi wa "bomu liliokoa watu" na "bomu lilikua unyama", kila mtu anao msimamo ila ukimuuliza siku zilifuatanaje hana habari.

Wiki hii nimebandua kazi ya siku mbili, kosa ni saa. Tinian, kile kisiwa cha Pasifiki zilikotokea ndege za mabomu, iko mbele ya Tokyo saa moja, Moscow iko nyuma saa sita, Washington saa 13, na mimi naandika saa kwa Kiswahili, Hiroshima saa mbili na robo asubuhi, Nagasaki saa tano na dakika mbili. Sa Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, alimwita balozi wa Japani akamwambia Urusi inaingia vitani, ilikua tarehe 8 Agosti saa kumi na moja jioni ya Moscow, mimi nikaiweka kwenye mstari wa Tokyo vilevile bila kugeuza, ikaonekana Tokyo walikua na jioni nzima ya kutafakari. Hawakua nayo. Huko Tokyo ilishakua saa tano usiku, baada ya saa sita usiku majeshi ya Urusi yakaingia Manchuria, kaskazini mashariki mwa China walikokua wameshika Wajapani, na habari yenyewe ikawafikia alfajiri ya tarehe 9.

Ndo hapo nilipokwama, kadi ya tarehe 9 haitoshi. Nimekata nyingine mara tatu ya ukubwa. Alfajiri habari za Urusi, asubuhi wale wakubwa sita wa baraza la vita wanakaa kujadili kama wasalimu amri, na wakati bado wamekaa ndege ya pili iko angani. Ilienda mji wa Kokura kwanza, ikazunguka mara tatu, mawingu na moshi vikaficha mji, ikageukia Nagasaki. Bomu likalipukia juu ya bonde la Urakami, karibu na kanisa kuu ambako watu walikua wanaungama. Walioungama na mapadri waliowaungamisha wakafa pamoja. Nimeweka uzi kutoka Kokura mpaka Urakami na kila nikipita hapo naugusa, yani mji mzima umepona kwasababu ya wingu na mwingine umeangamia kwa wingu hilohilo.

Bibi amekua anakuja kuangalia. Babu alikua Keya, yani askari wa KAR wa Waingereza, alipigana Burma, vita vilipoisha alikua bado yuko huko Asia, kwaiyo kwa bibi mambo ni mepesi: "Mjukuu wangu, vita isingekwisha babu yako asingerudi, na wewe usingekuwepo." Simbishii. Kisiwa cha Okinawa peke yake Wamarekani zaidi ya 12,000 walikufa na raia makumi ya maelfu, uvamizi wa Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, ulipangwa tarehe 1 Novemba, na China watu walikua wanakufa kila siku. Mtu akitetea Hiroshima kwa hayo namsikiliza, ingawa mimi bado siwezi, nikikumbuka maelfu ya wanafunzi waliokua nje asubuhi ile wakibomoa nyumba kuzuia moto usisambae. Hadi mwisho wa mwaka ule mji ulishapoteza watu kama 140,000.

Ila Nagasaki sioni utetezi kabisa, na ukuta ndo umenionyesha. Nimetafuta kadi ya kijani ya uamuzi wa bomu la pili, haipo! Kuna amri moja tu ya tarehe 25 Julai, ya kwanza idondoshwe kuanzia kama tarehe 3 Agosti, zingine zifuate zikiwa tayari. Ya pili ilipangwa tarehe 11, ikasogezwa mbele kwasababu ya hali ya hewa. Siku tatu tu baada ya Hiroshima, kwa serikali ambayo bado ilikua inatuma wanasayansi Hiroshima wakathibitishe ni bomu gani. Wanasema ya pili ilihitajika Tokyo wajue haikua moja tu. Mbona hata baada ya habari za Nagasaki kufika wale sita walibaki watatu kwa watatu mpaka Mfalme akaamua usiku?

Na tarehe 10 ndo nina kadi ya kijani: Rais Truman wa Marekani anaagiza hakuna bomu lingine bila ruhusa yake, akawaambia mawaziri wake wazo la kuua watu wengine laki moja linamtisha. Kumbe kusimamisha kuliwezekana, tena kwa neno moja. Jana nilimsomea bibi kadi hiyo, akakaa kimya, afu akauliza, "Sasa neno hilo juzi yake lilikuwa wapi?"

Bado kadi ya Shinkolobwe, ule mgodi wa Katanga ulikotoka urani nyingi ya mabomu haya. Iko nje ya siku zangu 31 lakini nitaibandika chini kabisa, uzi nimeshanunua.