Mapato ya Juni "yaliyoshuka": tatizo lilikuwa kalenda

Ripoti ya hoteli ilionyesha mapato kwa kila chumba kilichopo (kiwe na mgeni au la) yameshuka Juni 2025 kuliko Juni 2024, ilhali bei hazikuguswa na wikendi vyumba vilijaa kama kawaida. Nikahakiki vyumba vilivyo kwenye matengenezo, nikaondoa makundi ya wageni kwenye hesabu; wapi!

Kumbe Juni 2024 ilikuwa na Jumamosi 5. Juni 2025 zilikuwa 4, na Jumatatu moja ya ziada.

Kwenye jedwali, kila tarehe ya 2025 nikaitoa siku 364 (wiki 52 kamili), si 365, ili siku ya wiki ibaki ileile. Jumapili 1 Juni 2025 ikakutana na Jumapili 2 Juni 2024. Kisha nikajumlisha mapato ya siku 30 na kugawa kwa jumla ya vyumba vya siku hizo (wastani wa wastani hudanganya). Pengo likafutika.

Pasaka ilinganishwe kwa mkono, maana tarehe yake huhama: 31 Machi 2024, 20 Aprili 2025.