Ruta ya zamani iliyoniepusha kutoboa ukuta

Chumba cha nyuma cha steshenari yetu hapa Morogoro kina kompyuta tatu za mezani, Dell OptiPlex za zamani, zisizo na Wi-Fi kabisa. Intaneti inaingia kupitia chumba cha mbele. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta, na waya wa kupitia mlangoni ungekanyagwa na wateja kutwa nzima.

Wengi hukimbilia vile vifaa vidogo vya Wi-Fi vya kuchomeka kwenye USB. Kwa mashine moja, sawa, nunua. Lakini vingi vinadai draiva (programu ya kukiwezesha kifaa kufanya kazi), na ukikichomeka nyuma ya kompyuta, boksi lenyewe la chuma linaziba mawimbi. Vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme sikuvigusa: vyumba vyetu viko fezi tofauti, na vifaa hivyo havipendi hali hiyo, wala kupitia UPS (betri ya akiba ya kompyuta).

Kabatini kulikuwa na ruta ya TP-Link WR841N iliyostaafishwa. Ina kipengele cha WDS: inadaka Wi-Fi ya ruta ya mbele, kisha inaitoa kwenye matundu yake manne ya waya. Kompyuta inaona waya tu, basi. Hakuna cha draiva ya Wi-Fi. Nilinunua nyaya fupi za mtandao, na gharama ikaishia hapo.

Penye kazi ni kwenye kupanga. Anwani ya ruta ya mbele kwenye mtandao ni 192.168.0.1, hivyo hii niliipa 192.168.0.2 na kuzima DHCP yake, yaani kazi ya kuzigawia kompyuta anwani, ili anwani zigawiwe na ruta moja tu. Chaneli (masafa ya Wi-Fi) ya ruta ya mbele niliifunga kwenye 6 badala ya kuiacha ijichagulie, kwa sababu zote mbili lazima ziwe chaneli moja. Ya mbele ikihama, huku nyuma mtandao umekata. Nyaya zote ziingie matundu ya njano. La bluu liache wazi.

Printa ya mbele sasa inapokea kazi za chumba cha nyuma, hakuna tena kukimbizana na flashi. Video nzito kwenye mashine zote kwa mpigo usitegemee. Na kwa kuwa kompyuta hizi bado zina Windows 7, iliyoacha kupewa masasisho ya usalama Januari 2020, mambo ya benki nafanyia kwenye simu.