Mimi huanzia ukurasa wa mwisho: kusoma miswada ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu

Mswada ukiletwa mezani, siufungui mwanzo. Naenda mwisho, kwa sababu huko ndiko mnakili anakotaja jina lake, mwaka aliomaliza kazi na pengine mtu aliyemwandikia. Maandishi hayo mara nyingi hubanwa yakawa pembetatu inayochongoka chini. Kurasa tupu zinazofuata ndizo zenye utamu: tarehe ya mtoto kuzaliwa, dawa ya homa, deni lisilolipwa, jina la mwenye kitabu lililokatwa na la mwingine kuandikwa juu yake. Orodha ya maktaba haiyataji hayo. Aliyeiandaa aliandika kichwa cha utenzi, akaenda zake.

Kuupata mswada wenyewe ni kazi ya subira. Makusanyo makubwa yako Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, chuo kikuu kilichoko London. SOAS wameweka sehemu ya miswada yao kwenye intaneti, kwa hiyo unaweza kujifunza bila nauli. Ukitafuta kwa kichwa kimoja tu utakosa vingi. Utenzi ule ule huitwa utendi, hadithi, kisa au chuo; Utendi wa Tambuka ndio huo huo Chuo cha Herekali. Mimi hutafuta kwanza jina la mkusanyaji: Taylor, Werner, Hichens, Allen. Mashairi ya Muyaka bin Haji, kwa mfano, yamo ndani ya karatasi za Taylor, mmisionari aliyeyakusanya Mombasa akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Na usifikirie pwani peke yake. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India, kwa kuwa Wareno walioitaka pwani yetu walitawala kutoka huko.

Chumbani: penseli tu, mikono iliyooshwa ikakauka. Glavu za pamba sizipendi kwa karatasi. Zinapoteza hisia ya vidole na kunasa kingo zilizopasuka. Picha za kamera ndizo zinazotaka glavu. Kitabu kilale juu ya mito miwili ya povu kisifunguke wima kabisa, maana gundi ya mgongo imeshakauka. Usilambe kidole kamwe. Wino wa masizi hauli karatasi, lakini tone la maji linauondoa.

Sasa kusoma. Mtu aliyepita chuo cha Kurani anazijua herufi, na bado atakwama. Kiarabu hakina p, v, ch, wala g kama ya Kiswahili, na irabu zake fupi ni tatu tu. Katika khati ya zamani be hubeba b, p, mb. Fe hubeba f, v, mv. Dali hubeba d na nd. Ghaini hubeba gh, g, ng. Alama za irabu nazo: fataha ni a, kasra ni i au e, dhumma ni u au o. Be mbili zenye fataha basi zinaweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Kasra ikikaa kwenye ya kwanza, una beba au Pemba. Waandishi wengine waliongeza nukta kupambanua p na ch, kila mmoja kwa mtindo wake, kwa hiyo jaza jedwali la mnakili huyo huyo katika kurasa mbili za kwanza kabla hujaanza kufasiri chochote.

Kinachoniokoa ni mizani. Utenzi una vipande vinne kwa kila ubeti, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Mara nyingi ubeti mzima hukaa mstari mmoja, vipande vikitengwa kwa alama nyekundu. Nikihesabu saba, nimemeza silabi, na mara nyingi ni m au n inayojitegemea ambayo mwandishi hakuiandika. Nikihesabu tisa, nimegawa neno vibaya. Kina nacho huamua kati ya i na e: vipande viwili vikiishia -ni bila shaka yoyote, cha tatu hakiwezi kuwa -ne. Shairi ni hivyo hivyo, ila mizani kumi na sita kwa mshororo.

Msaada mwingine ni alifu, wau au ye ya kuvuta. Wanakili wengi huiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale Kiswahili kinapoweka mkazo. Ukiiona, hesabu silabi moja mbele: neno limekwisha. Huo ndio mpaka wa neno ambao nafasi kati ya herufi haikuonyeshi. Na kumbuka tungo nyingi ni za Kiamu, lahaja ya Lamu. Anayetafuta macho, njia na nchi atapita juu ya mato, ndia na nti bila kuziona.

Barua ni rahisi zaidi kuliko zinavyotisha. Nusu ya juu ni salamu za Kiarabu za kawaida. Ruka mpaka uone wa baadahu, yaani "na baada ya hayo". Habari inaanzia hapo.

Penye hatari ni tarehe. Kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mwaka 1275 unatoa 1236.75, ukijumlisha unapata 1858.75. Mwezi ukikosekana, andika 1858/59, kwa sababu mwaka huo ulianza Agosti 1858. Siku nayo huanza magharibi, basi barua ya usiku inaweza kukuhadaa kwa siku moja. Tarakimu za 2 na 3 hufanana khati ikiwa ya haraka, na sifuri ni nukta ambayo kinyesi cha nzi huiga vizuri sana.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la hesabu. Niliukuta mwaka ndani ya ubeti, kwa maneno ya Kiarabu, nikauandika kuwa umri wa mswada. Mwaka ulio ndani ya ubeti ni wa kutunga. Utendi aliouandika Mwana Kupona kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, unataja 1275 kwa namna hiyo, na kila aliyeunakili baadaye aliubeba mwaka huo pamoja na beti nyingine. Mwaka wa kunakili uko nje ya utungo, kwenye ile pembetatu ya mwisho. Ikiwa ukurasa huo umepotea, mwombe mkutubi taa bapa ya kuweka chini ya karatasi. Karatasi nyingi za Italia zilizouzwa nchi za Kiislamu zina alama ya ndani inayoonekana mwanga ukipita: hilali tatu zinazopungua ukubwa, na pengine jina la kiwanda. Hazikupi mwaka kamili, ila zinakuzuia kudai mno.

Kabla sijarudisha kitabu nakagua mpangilio. Chini ya ukurasa wa kulia, pembe ya kushoto, kuna neno limeandikwa peke yake. Lazima liwe neno la kwanza la ukurasa wa pili yake. Lisipolingana, karatasi imepotea au mshonaji aliichanganya. Picha nazipa namba kuanzia upande wa kulia, 001 ikiwa jalada, na rula iwemo kwenye kila picha. Kurasa tupu nazo nazipiga, hata ile yenye deni.