Moto wa Mkesha wa Pasaka: giza kwanza, mshumaa baadaye

Mwanzoni mwa Aprili jua la Kisumu huzama karibu saa 12:45 jioni, na la Nakuru dakika chache kabla ya hapo. Hata likishazama, anga hubaki na mwanga mpaka saa moja na ushei. Parokia inayotangaza Mkesha wa Pasaka, ibada ya usiku wa Jumamosi Kuu inayoanza kwa moto na mshumaa, saa 12:30 ili waumini wawahi matatu imeshaharibu ibada kabla padre hajavaa kasula, vazi lake la Misa. Misale, kitabu cha ibada ya Misa, inataka mkesha wote ufanyike usiku: usianze kabla giza halijaingia, na uishe kabla Jumapili haijapambazuka. Saa moja na nusu ni muda salama. Mambo ya usafiri yapangwe na jumuiya ndogo ndogo wiki moja kabla.

Sharti hilo lina mizizi katika imani yenyewe. Katika Mwanzo sura ya 1, nuru inaumbwa siku ya kwanza, jua na mwezi vinangoja hadi siku ya nne. Ufunuo 21:23 mji mtakatifu hauhitaji jua wala mwezi, maana Mwana-Kondoo ndiye taa yake. Yohana naye anasema: "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza." Maaskofu waliokutana Nisea mwaka 325 walimkiri Mwana kuwa Mwanga kutoka kwa Mwanga. Basi ukiwasha mshumaa wakati wekundu wa jioni bado uko madirishani, muumini anaona nta inayeyuka, hakuna zaidi.

Giza lenyewe linahitaji kuandaliwa, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Usizime stima kwenye swichi kuu. Vipaza sauti vitakufa pamoja na kinanda, na zile taa za dharura zenye betri zitawaka zenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Zima swichi za taa moja moja, na aliyepewa kazi hiyo abaki hapo hapo ukutani hadi mwisho wa maandamano. Taa za sola za nje hujiwasha giza likiingia, kwa hiyo zizimwe au zifunikwe kukiwa bado mchana. Mulika mwizi wa mtaani, ile taa ndefu ya usalama, huna la kuufanya, ila unaweza kuuweka moto upande wa pili wa kanisa. Simu nazo: tangazo litolewe nje, kabla ya moto kubarikiwa, kwamba hakuna tochi wala kupiga picha kwa flashi.

Moto uwe moto kweli, unaofukuza giza, si makaa mawili ndani ya jiko. Aprili ni majira ya mvua ndefu na Kisumu hunyeshewa sana jioni, hivyo kuni zikae ndani siku kadhaa na zifunikwe turubai Jumamosi Kuu mchana. Mafuta taa au petroli yasimwagwe kamwe juu ya moto unaofifia. Mwali hurudi kwa aliyeshika debe. Tumia vijiti vikavu na vipande vya nta ya mwaka jana. Makaa ya chetezo, chombo cha kufukizia ubani, yaingie motoni dakika 15 mapema, na koleo iwe karibu. Mvua ikigoma kukatika, ibada inaruhusiwa kupunguzwa ifanane na mazingira. Moto mdogo barazani unatosha.

Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, mpya kila mwaka, mmoja tu, na mkubwa. Waraka wa Roma wa mwaka 1988 kuhusu sherehe za Pasaka unakataza mshumaa wa bandia, na kwa maoni yangu hilo linagusa lile bomba la plastiki lenye umbo la mshumaa linalojazwa mafuta kila Jumapili. Linapunguza gharama, ndiyo, lakini halipungui linapowaka, na mshumaa usiopungua haujatoa chochote. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Parafini nyingi huanza kulegea chini ya hapo. Ndiyo maana mshumaa wa parafini uliosimamishwa mwezi mzima katika sakristia ya mabati Kisumu hupinda. Ulaze kwenye kabati la chini, umefungwa kwa kitambaa.

Juu ya mshumaa padre huchora kwanza mstari wima wa msalaba, kisha wa mlalo, Alfa juu, Omega chini, halafu tarakimu za mwaka. Kwa 2026: 2 juu kushoto, 0 juu kulia, 2 chini kushoto, 6 chini kulia. Punje tano za ubani hufuata: juu, katikati, chini, kushoto, kulia. Matundu yake yatobolewe mchana kwa msumari wa moto, la sivyo nta baridi hupasuka mbele ya watu. Utambi ukatwe ubaki milimita 6. Ukizidi unatoa masizi, ukipungua unazama. Usiuinamishe mshumaa mkubwa motoni. Chukua mwali kwa mshumaa mwembamba.

"Mwanga wa Kristo" huimbwa mara tatu: mlangoni, katikati ya kanisa, mbele ya altare. Waumini huwasha mishumaa yao baada ya mara ya pili, na taa za kanisa huwashwa baada ya ya tatu, isipokuwa mishumaa ya altare inayongoja wimbo wa Utukufu. Wafundishwe jambo moja: mshumaa unaowaka husimama wima, usiowaka ndio huinama kuomba moto. Wakifanya kinyume, nta yote huishia kwenye vidole na vitenge. Weka ndoo ya mchanga na ya maji kila mlango. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua watavamia kila mwali, kwa hiyo mtumishi mmoja awe na kibano cha kuwatoa kwenye nta ya mshumaa mkubwa kabla hawajaziba utambi.

Mbiu ya Pasaka, wimbo mrefu wa kutangaza ufufuko, husikilizwa kwa kusimama, mishumaa mkononi. Yenyewe hutaja kazi ya nyuki, na moto unaogawanywa bila kupungua. Mlei, yaani asiye padre wala shemasi, akiiimba, anaruka "Bwana awe nanyi".

Mshumaa hukaa karibu na mimbari siku 50 hadi Pentekoste, kisha huhamia kwenye kisima cha ubatizo, ambako mishumaa ya wanaobatizwa huwashwa kutoka kwake. Huwekwa pia karibu na jeneza. Misa ya mazishi ikiwa bomani, Siaya au Vihiga, chini ya hema lenye upepo pande zote, nenda na kofia ya kioo ya kukinga mwali, na kiberiti cha akiba kwenye mfuko wa plastiki.