Briseis alimlilia nani

Leo jioni mimi na mdogo wangu tumemaliza kusoma kisa cha vita vya Troya. Bado nina donge kooni.

Kwa wasiokijua: Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki, alilazimika kumrudisha mateka wake Chryseis kwa baba yake, kuhani wa mungu Apollo, ili tauni aliyoileta mungu huyo iishe kambini.

Akaona amepungukiwa. Akamnyang'anya Achilles, shujaa wao mkubwa, mateka wake, Briseis.

Achilles akasusa vita, Wagiriki wakafa wengi. Mwishowe Patroclus, rafiki yake wa chanda na pete, akavaa deraya ya Achilles, akaingia vitani. Hector, shujaa wa Troya, akamuua.

Ndipo Agamemnon akamrudisha Briseis, pamoja na masufuria 20, farasi 12, wanawake wengine 7 na dhahabu.

Binadamu, katika orodha moja na masufuria!

Lakini Briseis alipoiona maiti ya Patroclus, aliikumbatia akalia kwa uchungu. Alikumbuka kwamba siku mumewe alipouawa, Patroclus ndiye aliyembembeleza. Kwamba sikuzote alikuwa mpole kwake.

Katika kambi nzima ya mashujaa, ni mmoja tu aliyemwona kuwa mtu.

Mdogo wangu akauliza, "Kumbe alikuwa na mume? Nani alimuua?"

Achilles.

Achilles huyohuyo aliyejimwagia majivu kichwani kwa kumlilia rafiki yake.

Tumebishana hadi chakula kikapoa. Nyie mnasemaje, jamani? Mtu anaweza kupenda hivyo na bado akammiliki mwenzake?